Mwandishi wa Saba

Fomu ilikuwa na mistari tisa, na katika mistari yote tisa Mama Sifuri aliandika sifuri. Vitabu ulivyoandika: sifuri. Makala zilizochapishwa: sifuri. Mara ambazo kazi yako imenukuliwa na watafiti wengine: sifuri. Alipofika mstari wa mwisho kalamu ilikuwa imeshazoea, ikaandika kabla hajamaliza kulisoma swali.

Afisa utumishi aliigeuza fomu ile nyuma na mbele kama mteja anayetafuta bei. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo shingoni, na hakuwa mtu mbaya. Watu wabaya ni wachache katika ofisi hizi. Waliojaa ni watu wa waraka.

"Miaka kumi na tisa hapa chuoni, dada yangu," alisema. "Kumi na tisa! Hata makala moja?"

"Mimi ni fundi wa maabara. Kazi yangu ni kupima."

"Basi sasa na wewe unapimwa." Alicheka kidogo, akaona amecheka peke yake, akaacha. "Waraka mpya unasema kila mtumishi wa idara za utafiti awe na mchango unaopimika. Asiyekuwa na jina kwenye chapisho lolote ifikapo mwisho wa mwezi, nafasi yake inafutwa. Si mimi ninayesema. Ni waraka."

"Waraka umeandikwa na nani?"

Afisa aliangalia chini ya ukurasa, akaangalia na juu. "Hapa hapajaandikwa," alijibu.

Hilo jina la Mama Sifuri hakulipata kwenye fomu. Alipewa na wenzake zamani, kwa sababu hakuwahi kupima kitu chochote kabla ya kupima kisicho kitu. Maabara ilikuwa na mashine moja ya kupima vumbi, kuukuu, iliyoletwa kabla yake, na yeye aliiita Kikongwe. Kila asubuhi alimvutisha Kikongwe hewa iliyochujwa, hewa isiyo na chembe hata moja, akasoma namba. Mashine nzima ingesema sifuri. Kikongwe alisema kumi na nne. Alisema kumi na nne wakati wa mvua na wakati wa jua, na Mama Sifuri alikuwa akiwaambia wanafunzi, "Mwongo anayekudanganya kiasi kile kile kila siku ni mtu wa kuaminika. Mpunguzie kumi na nne zake, kilichobaki ni ukweli."

Basi siku ile alirudi maabara, akamfuta Kikongwe vumbi la mgongoni, akakaa kwenye kiti chake kirefu. Alikuwa na hasira ya aina ile ambayo haijapata wa kumwendea. Angeikasirikia karatasi? Aliiosha mikono yake mara mbili, ingawa haikuwa michafu.

* * *

Nyumbani mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgongo mrefu karibu na mlango, mahali alipokuwa akikaa tangu mapafu yalipokataa kulala chali. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha saruji miaka ishirini na miwili, yote kwenye mashine ya kusaga mawe. Alitoka pale akiwa na cheti cha utumishi mwema na kikohozi. Madai yake ya fidia yalikuwa yamekataliwa mara tatu, na barua zote tatu zilisema neno moja: utafiti wa chuo umethibitisha kwamba hewa ya kiwandani iko ndani ya kiwango halali, kwa hiyo kikohozi cha mdai kimetoka kwingine.

"Kwingine wapi?" alizoea kuuliza, akiwa ameishika barua. "Kikohozi nilikikopa?"

Mama Sifuri aliwasimulia habari ya fomu. Binti yao mkubwa, aliyeajiriwa kwa mkataba katika maktaba ya chuo, alikuwa akimenya viazi, na aliposikia neno "kunukuliwa" kisu kilisimama. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Profesa yeyote aliyetaka kupandishwa cheo, yeye ndiye aliyemhesabia: makala ngapi, zimenukuliwa mara ngapi, na nani.

"Mama, makala ya vumbi ya Profesa wako nimeihesabu wiki iliyopita. Imenukuliwa mara mia sita na kumi na tatu. Ndiyo inayoongoza chuo kizima."

"Vumbi lipi?"

"La kiwanda cha Baba. Lile ulilopima wewe."

Mama Sifuri aliikumbuka kazi ile vizuri: miezi ishirini, Kikongwe amefungwa kwa kamba nyuma ya pikapu, yeye mwenyewe akiwa na kitambaa puani, akisimama kwa saa nane nzima karibu na mashine ya kusaga huku mume wake akimpungia mkono kutoka upande wa pili wa wingu jeupe. Miaka kumi na moja imepita. Makala ilipotoka Profesa alinunua soda kwa idara nzima, naye alikunywa yake akaenda kuosha chupa za maabara.

"Jina langu limo?" aliuliza polepole.

"Waandishi ni sita. Profesa, mkuu wa idara, mkuu wa kitivo, wawili waliokuwa wanafunzi wake, na yule bwana wa usafirishaji wa wakati ule."

"Yule? Yule alitoa gari tu!"

"Basi gari limeandika makala," alisema baba mtu, akacheka hadi kikohozi kikamshika, wakasubiri kimwachie.

"Wewe umo mwishoni, kwenye shukrani," binti alisema, bila kuinua macho. "Wameandika: tunawashukuru wafanyakazi wa maabara kwa msaada wao."

"Mimi ndiye wafanyakazi?"

"Ndiyo, Mama."

* * *

Kesho yake, kabla hajapanga aanzie wapi, Profesa mwenyewe alimwita. Hilo tu lingetosha kumshtua. Kwa kawaida Profesa alishuka maabara siku ya Ijumaa, kwa sababu sheria ya maabara ilisema kila ukurasa wa daftari la vipimo usainiwe na mkuu wa mradi kila mwisho wa wiki. Alikuwa akisaini amesimama, huku anaongea na simu, na Mama Sifuri akimfungulia kurasa kama anayemgawia mtu karata.

"Mama, karibu, kaa," alisema Profesa, na kiti kilikuwepo kweli, kimeondolewa vitabu. "Nimesikia habari ya huu waraka. Nikasema hapana. Mtu aliyetumika kama wewe hawezi kuondoka mikono mitupu. Nitakuweka kwenye makala ya vumbi. Mwandishi wa saba."

Alifurahi, hatutadanganya. Miaka kumi na tisa ni mingi, na mtu akinyimwa kitu muda mrefu, siku akipewa hushukuru hata kabla hajakiangalia.

"Inawezekana, Profesa? Si ilishachapishwa?"

"Inawezekana kupitia marekebisho. Jarida limeniandikia, kuna watu huko nje wamepima viwanda kama kile na namba zao zimetofautiana kidogo na zetu. Mambo ya kawaida ya kitaalamu. Tunatoa marekebisho mafupi, na humo humo tunakuongeza." Alisukuma karatasi mbili. "Hii ni ya kukubali kuwa mwandishi, mimi na wenzangu wote watano tumeshasaini. Hii ya pili ni yenyewe marekebisho. Saini hapa na hapa."

Zote zilikuwa kwa lugha ya kigeni, ya pili maandishi madogo kama mchanga. Mama Sifuri aliuliza kama anaweza kwenda nazo nyumbani, binti yake amsomee.

Uso wa Profesa ulibadilika kidogo. "Mama, huniamini?"

"Nakuamini, Profesa. Lakini sijawahi kuandika namba nisiyoisoma, nitasainije maneno nisiyoyasoma?"

"Haya. Kesho asubuhi, basi."

* * *

Binti aliichapa makala yote pale maktaba, maana kwa mtu wa nje ilisomwa kwa kulipia, na mama yake hakuwahi kuiona hata siku moja. Jioni, jua likiwa bado dirishani, aliitandaza mezani. Mama Sifuri hakuhitaji kujua lugha ile. Alipitisha kidole kwenye jedwali la pili, mstari wa kwanza, mashine ya kusaga mawe, akasimama.

"Arobaini na saba," alisoma.

"Ndiyo. Kiwango halali ni hamsini, kwa hiyo..."

"Hii si namba yangu."

"Labda umesahau, mama watoto," alisema mumewe. "Miaka kumi na moja."

"Nisahau? Mahali uliposimama wewe? Kikongwe alisoma sabini na tano. Nikatoa uongo wake, kumi na nne. Sitini na moja. Nimeandika safu tatu: alichosema, uongo wake, na ukweli. Sitini na moja, kwa wino mwekundu!"

Alichukua penseli ya jikoni. Sitini na moja, toa kumi na nne. Arobaini na saba. Mstari wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, hivyo hivyo. Akaelewa, na kuelewa kule kulimchoma kuliko matusi. Profesa alikuwa amechukua safu ya wino mwekundu, ambayo imeshasafishwa, halafu akaisafisha tena. Alijua kwamba mashine inazidisha kumi na nne kwa sababu Mama Sifuri ndiye aliyemwambia, mlangoni, Profesa akiwa na haraka. Kilichomshinda ni kufungua daftari aone kwamba fundi ameshafanya. Hakufikiria kwamba fundi anaweza kuwa amefanya.

"Mara mia sita na kumi na tatu," alisema binti kwa sauti ndogo. "Wote wamenakili arobaini na saba."

"Na barua zangu tatu," alisema baba.

"Soma hiyo ya pili," Mama Sifuri aliamuru. "Hayo marekebisho."

Binti alisoma, akitafsiri sentensi moja moja. Usomaji wa mashine uliofanywa na mwandishi wa saba ulikuwa na dosari. Waandishi wengine hawakuwa na habari ya dosari hiyo. Kwa sababu hiyo takwimu zote za jedwali la pili zipuuzwe. Mwandishi wa saba anaomba radhi.

Nje jirani alikuwa akimwita mtoto wake aoge.

"Kwa hiyo jina langu limepatikana," alisema Mama Sifuri hatimaye. "Miaka yote hiyo halikuwa na nafasi. Leo kuna lawama ya kubeba, nafasi imepatikana!" Alipiga meza kwa kiganja, penseli ikaruka. "Wezi hawa! Ukweli wangu waliugawana watu watano na gari, uongo wao wananipa mimi peke yangu!"

"Saini," alisema mumewe.

Wote wawili walimgeukia.

"Saini, mke wangu. Fidia yangu imeshakufa, tumeizika mara tatu. Kazi yako bado hai. Ukikosa mshahara wako, dawa zangu nani atanunua? Watu watasoma kwamba fundi fulani alikosea. Nani anamjua huyo fundi?"

"Mimi namjua."

"Heshima hailiwi."

"Wewe nawe hebu! Ndiye unayekohoa, halafu ndiye unayesema nisaini kwamba hukohoi! Wakisema jedwali lipuuzwe, hata hiyo sitini na moja inakufa. Hutabaki na namba yoyote duniani."

Mzee alifunga macho. Mkono wake ulikuwa ukipapasa ukingo wa kiti. "Basi waandikie hao wa jarida, uwaambie."

"Hawatamsikiliza," alisema binti. "Nimeshaona majibu yao maktaba. Marekebisho yanapokelewa kutoka kwa mwandishi wa makala tu. Mama si mwandishi. Kwao Mama ni mtu baki."

Mama Sifuri alizitazama zile karatasi mbili zilizolala mezani. Aliivuta ya kwanza, ile ya kukubali kuwa mwandishi, yenye saini sita. Akaiweka kando ya ya pili, akaacha nafasi katikati, kama anavyotenganisha vichujio viwili visichafuane.

"Hii inasema tu kwamba mimi ni mwandishi?"

"Hiyo tu."

"Na hii haihusiani na ile?"

Binti alimwangalia mama yake. Taratibu tabasamu likaanza kumtoka, likamfika hadi machoni. "Ni karatasi mbili tofauti, Mama. Profesa ndiye aliyezitenganisha."

"Niletee kalamu," alisema Mama Sifuri. "Ya wino mwekundu."

* * *

Fomu ya kwanza katibu muhtasi aliituma asubuhi ile ile, kwa kuwa Profesa alikuwa amemwamuru asichelewe. Kuhusu ya pili, Mama Sifuri alisema bado anasoma. Siku ya pili alisema bado. Siku ya tatu barua ya jarida iliingia kwenye anwani ya baruapepe ya binti, iliyoandikwa kwenye fomu, ikianza na maneno ambayo ilibidi yasomwe mara mbili: Mpendwa Mwandishi. Jioni hiyo hiyo mwandishi wa saba alijibu, binti akimtafsiria, na barua yake iliambatana na picha za kurasa themanini na nane za daftari.

Profesa alishuka maabara siku ya Jumatano. Hakuna aliyewahi kumwona maabara Jumatano.

"Umefanya nini?" Alikuwa na karatasi mkononi. "Wewe! Umeandikia jarida kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa ruhusa yako, Profesa. Wewe ndiye uliyenifanya mwandishi."

Wanafunzi watatu waliokuwa kwenye meza ya nyuma waliinamia chupa zao kwa bidii ambayo hawakuwahi kuwa nayo.

"Hujui unacheza na nini. Unajua ni watu wangapi wanaitegemea makala ile? Wewe ni mtu wa kuosha chupa! Nimekuokota, nikakupa jina, unanilipa hivi? Lete hilo daftari. Ni mali ya mradi."

"Limo kabatini, Profesa. Funguo hizi hapa." Alizinyoosha, na sauti yake haikupanda, hasira ilikuwa imeshuka chini ya sauti, mahali inapokaa muda mrefu. "Lakini usiniambie mimi ndiye niliyekosea kusoma. Fungua ukurasa wowote. Safu tatu, tarehe, saa, na chini kabisa pameandikwa 'nimehakiki'. Hiyo saini si yangu. Ijumaa themanini na nane ulihakiki. Nilikufungulia kurasa kwa mkono wangu. Siku moja, siku moja tu kati ya hizo, ungeangalia ulichokuwa unasaini, mume wangu asingekuwa ameambiwa kikohozi chake kimetoka kwingine."

Profesa alizitazama funguo. Hakuzichukua. Alitoka, na viatu vyake vilisikika ngazi nzima.

* * *

Msomaji asifikiri kwamba hapo ndipo haki ilipopiga vigelegele. Marekebisho yalitoka, ni kweli, tena yalisema sawasawa: kosa ni la uchambuzi, si la upimaji, wastani wa vumbi kwenye mashine ya kusaga ni sitini na moja. Jina la Mama Sifuri lilikuwa la saba, majina yake yote matatu. Lakini alipompelekea afisa utumishi, yule mama alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Nasikitika, dada yangu. Hili ni rekebisho. Waraka unasema chapisho. Rekebisho halihesabiwi."

"Na kwa Profesa?"

Afisa alikohoa kidogo. Kwa Profesa kilichohesabiwa ni kunukuliwa, na watafiti waliokuwa wakiikosoa makala ile walilazimika kuinukuu kwanza. Binti ndiye aliyeziingiza namba hizo kwa mkono wake, kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa kufanya: kutoka mia sita na kumi na tatu hadi mia sita na arobaini. Makosa ya Profesa yalikuwa yakimpandisha cheo. Siku hiyo binti alirudi nyumbani akavua viatu na kuvirusha ukutani, kimoja kimoja.

Mwisho wa mwezi Mama Sifuri alikabidhi koti la maabara, funguo na ndoo. Hakuwa amepewa mrithi wa kumwelekeza. Kabla ya kutoka alichana kipande cha karatasi, akaandika kwa wino mwekundu, akakibandika ubavuni mwa Kikongwe kwa gundi: TOA KUMI NA NNE. MARA MOJA TU.

* * *

Wiki iliyofuata aliongozana na mumewe kwenda kiwandani. Walipumzika mara nne njiani. Ofisi ya madai ilikuwa chumba kidogo kando ya lango, chenye meza, kabati la chuma na dirisha moja linalotazama mtambo. Karani wa madai alikuwa mwanamume mnene, mpole, aliyempa mzee kiti chake mwenyewe alipomwona anavyohema. Aliisoma barua ya nne ya madai. Akasoma marekebisho. Aliyasoma vizuri, mpaka mwisho, hadi kwenye majina.

"Mzee," alisema, "huyu mwandishi wa saba mbona ana jina la ubini kama lako?"

"Ni mke wangu. Huyu hapa. Ndiye aliyepima." Mzee aliinua kidevu aliposema hivyo. Tangu alipotoka kiwandani mke wake hakuwa amemwona akiinua kidevu.

Karani aliiweka karatasi chini kwa uangalifu. "Sasa hapo ndipo pana tatizo. Wakubwa hawataikubali hii. Mke wa mdai ndiye mpimaji? Huo ni mgongano wa maslahi. Watasema amempimia mumewe."

"Lakini ni vipimo vile vile!" alisema Mama Sifuri. "Vile vile mlivyomkatalia navyo mara tatu! Wakati ule mlivisifu, mkaviita utafiti wa chuo!"

"Wakati ule, mama, havikuwa na jina lako."

Mzee alianza kukohoa. Alikohoa akiwa ameinama, mkono mmoja umeshika meza ya karani, na kikohozi kilichukua muda. Karani akageuza uso, akatoa leso, naye akakohoa ndani yake, kikohozi kifupi, kikavu. Mama Sifuri alikisikia kama fundi anavyosikia mashine.

"Una muda gani ofisi hii?" alimuuliza.

"Miaka minne. Mafua tu haya. Huwa hayaniishi."

Mama Sifuri alifungua mkoba, akatoa nakala za daftari. Alilamba kidole, akapekua kurasa bila haraka, ishirini, thelathini, mpaka akaufikia aliokuwa akiutafuta. Akaugeuza umwelekee karani, akaweka kidole kwenye mstari.

"Chumba hiki nilikipima pia. Nilimweka Kikongwe hapo hapo, juu ya meza yako. Mashine ilisoma sabini na mbili, toa kumi na nne. Hamsini na nane. Wewe si mume wangu. Hapa mgongano uko wapi?"

Karani alisoma mstari ule. Aliusoma tena, midomo yake ikitembea. Halafu alilitazama dirisha, mtambo ulionguruma nje, na unga mweupe uliojipanga kwenye kizingiti. Akainuka, akalisukuma dirisha kwa nguvu mpaka likafunga, akapiga komeo.

"Lilikuwa limefungwa," Mama Sifuri alimwambia, "siku nilipopima."